Nilisema kwenye radio kwamba kocha alikosea



Leo sina habari ya barabara ya Kasapa wala ya transfoma iliyoungua. Nina deni la kulipa. Mwezi wa kumi, katika habari za michezo za jioni, nilisema kwamba timu yetu ya hapa Luwowoshi ilikosea kumpa leseni yake ya mwisho mtoto wa miaka 16, mtoto wa familia iliyokimbia Bukavu. Nilitaja jina lake. Nilisema komite imecheza bahati nasibu na pesa za watu. Habari ile ilichukua dakika mbili tu hewani. Mimi imenichukua miezi mitatu kuimaliza.

Kwa wale wasiofuata mpira wa kartiye, nieleze kidogo. Timu yetu ilishuka daraja misimu miwili iliyopita. Baada ya kushuka, wachezaji sita walienda Kolwezi kuchimba, kwa sababu machimbo yanalipa na mpira wetu haulipi. Wawili walichukuliwa na timu kubwa zaidi za mjini. Tulibaki na kipa, mabeki wawili wenye umri, na watoto. Komite ikaita mkutano chini ya mwembe, ikasema: tunaanza upya, tunajenga kwa vijana, tupeni misimu mitatu. Watu wote walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilirekodi makofi yale na kuyapitisha kwenye radio.

Makofi yalikwisha siku ya leseni. Pesa zilizokusanywa zilitosha leseni 18. Kumi na saba zilitolewa bila kelele. Ya kumi na nane ilikuwa na majina mawili.

Jina la kwanza ni la mshambuliaji wa miaka 27 ambaye kila mtu hapa anamjua. Msimu tulioshuka alifunga magoli kumi na moja peke yake. Ana mke na watoto watatu, anaendesha pikipiki ya kubeba watu. Aliomba kitu kidogo cha kusaini, na mafuta ya pikipiki kwa siku za mazoezi, maana saa anazokimbia uwanjani ni saa ambazo habebi abiria. Wengine walimwita mwenye tamaa. Mimi sioni tamaa hapo. Mtu anahesabu mkate wa watoto wake.

Jina la pili lilikuwa la huyu mtoto. Wiki nyingi alikuwa akisimama nyuma ya goli wakati wa mazoezi, akirudisha mipira iliyoangukia kwenye majani karibu na kichuguu. Siku moja mchezaji mmoja alikosekana, kocha akamwita aingie. Baada ya wiki mbili kocha akaiambia komite: mimi ninamtaka huyu.

Mama yake na wadogo zake watatu walitoka Bukavu mwezi wa pili 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Walishuka mpaka Uvira, wakapanda mtumbwi wa mota mpaka Kalemie, na kutoka pale wakafika Lubumbashi juu ya malori, kwa vipande. Ndani ya mfuko mama alikuwa na karatasi mbili: buletini ya shule ya mtoto na kadi ya chanjo. Cheti cha kuzaliwa hakikuwemo. Ninyi mliopita njia hiyo mnajua maana yake. Sheria ya nchi yetu inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, lazima kupita mahakamani kutafuta hukumu ya kuziba pengo la cheti, na njia ile ina gharama zake na safari zake. Komite ililipa. Kwa hiyo leseni ya mtoto ambaye hakuomba hata franka moja iligharimu kuliko ya yule aliyeomba mafuta.

Hapo manung'uniko yakaanza, na yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilikuwa pesa. La pili umri: wengine walisema mtoto asiye na karatasi anaweza kuwa na miaka 16 au 20, nani ajuaye? La tatu lilisemwa kwa sauti ya chini, karibu na banda la bia: «Watoto wetu beko hapa, sasa mbona leseni inaenda kwa bakuyakuya?»

Kwenye radio nilisema la kwanza na la pili. La tatu niliona ni baya, nikaliacha, na nikajisifu moyoni kwa kuliacha. Lakini nilitaja jina lake, nikasema anatoka Bukavu, nikasema amefika juzi. Aliyetaka kusikia la tatu alilisikia kinywani mwangu.

Katika mji huu neno la namna hiyo si jepesi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, na familia nzima zikalala siku nyingi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa. Mambo yale hayakuanzia kwenye vituo vya treni. Yalianza kwa maneno, nayo yalisemwa mbele ya watu wengi. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, lakini mwandishi wa habari wa Lubumbashi hawezi kusema hakuambiwa.

Mechi nne za kwanza mtoto hakufunga. Katika mechi ya tatu alibaki na goli tupu, kipa ameanguka, akapiga nje. Uwanja mzima ulipiga kelele: «Mumutoshe! Mumutoshe!» Jioni ile nilisoma habari yangu ya pili, fupi zaidi na kali zaidi. Nilisema: tuliwaambia.

Siku tatu baadaye mama mmoja alinijia mahali ninaponunua mikate asubuhi. Alikuwa na beseni la mboga kichwani. Hakulishusha.

«Papa, ni wewe unasemaka ku radio?»

Nikasema ndiyo, mama.

«Mutoto wangu harudie tena ku mupira. Anabeba makala. Siko na kasirani, haukusema bongo, ile goli alikosa, hata mimi banaliniambia. Lakini jina yake, juu ya nini ulitaja jina yake? Hapa batu hawatujue. Kile banajua juu yetu ni kile radio inasema.»

Nilitafuta jibu la ufundi. Nikamwambia kwamba mchezaji mwenye leseni ni mtu wa mbele ya watu, na kazi yetu ni kutaja majina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Sawa, papa,» akaenda zake na beseni lake. Ile «sawa» nilitembea nayo siku nzima.

Jioni nilienda kwa kocha. Ni muzee, amefundisha watoto wa Annexe tangu mimi ninavaa kaptula ya shule. Nilifikiri atanifukuza. Alinipa kiti, akaniuliza kitu kimoja tu: «Mu 2011 ulikuwa wapi?»

Mwaka wa 2011 nilikuwa ninamaliza sekonderi, na kama vijana wengi wa mji huu nilikuwa mtu wa Mazembe mpaka kwenye mifupa. Mkumbuke hali ilivyokuwa. Tulikuwa mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010. Mwezi wa kumi na mbili 2010, kule Abu Dhabi, tuliwapiga Internacional ya Brazil 2-0 kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na Mazembe ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, lakini Kidiaba alikuwa ameruka juu ya matako yake mbele ya dunia nzima, na sisi tulijiona hatuna tena wa kutufundisha kitu.

Halafu mwaka uliofuata nyumba ikatikisika. Trésor Mputu alikuwa amefungiwa na FIFA mwaka mzima. Katika Ligi ya Mabingwa tuliitoa Simba ya Dar es Salaam, 3-1 hapa na 3-2 kwao. Simba wakashitaki: beki wetu Besala Bokungu hakustahili kuchezeshwa. CAF ikawapa haki, na mabingwa wa Afrika tukatolewa kwa sababu ya karatasi. Ndiyo, karatasi. Timu tajiri kuliko zote za nchi hii iliangushwa na kitu kilekile tunachomsimanga nacho mtoto wa mkimbizi.

Na katika mwaka huohuo, Mazembe ilienda kumchukua nani? Kijana wa miaka 18 wa Simba, Mbwana Samatta. Wa timu ileile iliyotushitaki! Mwenzake wa Tanzania, Thomas Ulimwengu, akaja naye, kijana vilevile. Kwenye avenyu yetu tulibishana mpaka usiku. Mimi mwenyewe nilisema: tuna Mputu, tuna Kabangu, tuna watoto wetu katika Kamalondo na Kenya na Katuba, sasa Mtanzania wa miaka 18 atatufanyia nini? Kocha alikuwa anakumbuka. Nilikuwa nimesema maneno hayo mbele yake.

Haikuwa mwaka mmoja. 2012 Espérance ya Tunis ilitutoa katika nusu fainali. 2013 Sfaxien ilitunyima Kombe la Shirikisho katika fainali. 2014 Sétif ilitutoa tena katika nusu fainali, na mwaka uleule Mputu akaenda Angola. Kila mara tulisema wamekwisha. Halafu ikaja 2015. Fainali ya kwanza kule Algiers tulishinda 2-1, Samatta akifunga penalti. Ya pili, tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, palepale Kamalondo, alifunga penalti nyingine, Assalé akamalizia, 2-0. Mwezi wa kwanza 2016, kule Abuja, Samatta alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani, mbele ya Kidiaba wetu. Akaenda Genk, Ubelgiji, halafu Aston Villa, Uingereza. Miaka minne ilipita kati ya usiku tuliobishana na usiku tulioimba.

Kocha akasema: «Umeona?»

Nilimwambia sijaona kitu, na hapo bado ninasimama. Mfano wa Samatta ni mtamu, lakini hautoshi. Kwa Samatta mmoja tunayemtaja, kuna vijana wengi waliochukuliwa na timu kubwa na hakuna anayekumbuka majina yao. Tena Samatta hakuja bure: alikuja na mkataba, na mahali pa kulala, na sahani ya chakula, na waganga wa timu. Alikuwa tayari amecheza Simba na Ligi ya Mabingwa. Mtoto wetu amekuja na buletini ya shule. Mtu akisema «hata Samatta alikuwa mtoto», hajasema bado kwa nini mtoto huyu.

Basi kocha akaniambia neno ambalo lingefaa kuwa la kwanza: «Kwa hiyo kuja uangalie. Tangu msimu uanze, haukuangalia mazoezi hata siku moja.»

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona mechi mbili kati ya nne. Zilizobaki nilihadithiwa kwa simu. Nikaenda kwanza kwa mama, nikaomba msamaha wa jina, nikamwomba mtoto arudi. Nikanunua daftari. Wiki sita nilikaa pembeni ya uwanja, mazoezi na mechi, mvua na jua. Haya ndiyo niliyoandika, mazuri na mabaya.

Mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu. Mpira wa kichwa anaufumbia macho. Akiwa na mpira, anauangalia mpira na kusahau wenzake. Hayo ni makosa ya kweli.

Lakini mguso wake wa kwanza unakufa palepale, hata katika tope letu. Akipoteza mpira harudi nyuma akinung'unika: anaugeukia na kuufuata. Katika mechi moja nilihesabu mipira saba aliyoinyang'anya katika nusu ya wapinzani. Mshambuliaji wetu wa zamani, pamoja na magoli yake yote, hakuwa akifanya hivyo, naye mwenyewe alicheka akakubali nilipomwambia.

Halafu kuna mambo ambayo hayakuwa ya mpira. Kila mechi, baada ya dakika ya sitini, miguu ilikuwa inamwisha. Mimi nilikuwa nimesema kwenye radio kwamba hana pumzi ya mashindano. Nilipouliza, nikakuta kwamba kwao wanakula mara moja kwa siku, bukari ya jioni. Mtoto alikuwa anacheza saa tisa na tumbo la jana. Na lile goli tupu? Viatu alivyovaa vilikuwa vikubwa kwa namba mbili, vya kuazima, ncha zimejazwa vitambaa. Nilichukua viatu vya mtu mwingine nikaviita ukosefu wa kipaji.

Mambo haya mawili yalirekebishwa na watu wa kawaida kabisa. Mama mmoja mshabiki, anayeuza sombe na bitoyo karibu na uwanja, siku ya mechi anampikia pamoja na watoto wake kabla ya saa sita. Kipa wetu alimtafutia viatu vya namba yake kwenye soko la kaunya. Na kocha naye, ambaye si malaika, alikubali kosa lake: alimweka katikati mbele peke yake, kati ya mabeki wenye ndevu. Sasa anamchezesha pembeni kulia. Jezi bado ni namba tisa, kwa sababu jezi hatuna nyingi.

Je, kocha alichagua vizuri? Baada ya daftari lile ninajibu hivi. Kuna maswali mawili, na mimi niliyachanganya. Swali la kwanza: siku ile ya leseni, kwa yale waliyoyajua, walikuwa na sababu? Ndiyo. Walikuwa wamesema wanajenga kwa misimu mitatu. Mshambuliaji wa miaka 27 aliniambia yeye mwenyewe kwamba akipata kazi ya kuendesha lori la Kasumbalesa, siku hiyohiyo anaacha mpira. Ukijenga nyumba ya miaka mitatu huweki nguzo itakayoondoka kesho. Kumchagua yeye kungekuwa kusema ukweli mwingine, kwamba hatujengi, tunataka kupanda daraja sasa hivi. Hiyo pia ni njia halali. Lakini mkutano chini ya mwembe haukuichagua.

Swali la pili: matokeo ni mazuri? Leo hapana. Yule mkubwa alienda timu moja ya Ruashi, amefunga magoli matano. Mtoto wetu katika mechi tisa ana goli moja, na pasi tatu zilizozaa magoli. Sisi ni wa saba. Anayetaka kuhesabu leo, hesabu iko upande wa mwenye pikipiki, na ninamtakia heri, maana kunyimwa leseni kulimuuma na hakuna aliyekwenda kumpa pole. Mimi pia sikwenda mpaka mwezi wa kumi na moja.

Inawezekana kabisa mtoto asifike popote. Anaweza kuvunjika, anaweza kuchoka, familia inaweza kurudi Bukavu siku amani ikirudi, na hiyo ndiyo inayoombwa kila usiku nyumbani kwao. Ikiwa hivyo, watu watasema tulipoteza leseni. Mimi nitasema uchaguzi ulikuwa na sababu, nasi tulichelewa kuutunza. Maana kuchagua ni siku moja. Viatu na bukari ni kila wiki, na hayo hayakuandikwa katika bajeti ya mtu yeyote.

Jumatano iliyopita nilisoma masahihisho kwenye radio. Nilisema niliripoti mechi ambazo sikuziona, nikatoa hukumu juu ya pumzi bila kuuliza juu ya chakula, na nikataja asili ya mtoto mahali ambapo haikuwa na kazi. Mkubwa wangu wa kazi aliniuliza kama ni lazima. Nilisema ndiyo. Mama yake nilimkuta kesho yake mahali palepale pa mikate. Safari hii alishusha beseni. «Tumesikia,» akasema. Halafu akaniuliza bei ya mikate kwangu ni ngapi, akashangaa kwamba ninanunua ghali.

Mtakuwa mmeona kwamba leo sikutaja jina. Goli lake la kwanza lilikuja Jumapili, dakika ya sabini na mbili, ile saa ambayo zamani miguu ilikuwa inamwisha. Kulia, chini, na kipa akaguswa tu na upepo. Baada ya mechi nilimfuata na kinasa sauti, nikamwuliza kama ananiruhusu kumtaja katika habari za jioni.

Alifikiri kidogo, akiwa anafungua viatu vyake vya namba yake.

«Yaya,» akasema, «ngoja kwanza nifunge ya pili.»

Jumapili hii tunacheza saa tisa, uwanja uleule. Njooni.